Mtangazaji Aliyekwenda Kulirudisha Neno

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui, na sitajisumbua kuuliza sasa. Kwetu alikuwa Mtangazaji, basi. Hata mkewe alimwita hivyo hivyo: "Mtangazaji, maji yako yanapoa." Ukifika Mkotokuyana ukamtaja kwa jina la kwenye kadi ya kupigia kura, watu watatazamana.

Kazi yake ilikuwa kupita. Alikuwa na baiskeli nzito ya chuma, kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira kwenye usukani, na betri aliyoiweka kwenye kikapu cha mbele kwa adabu kama mtu aliyebeba mayai. Chanjo ya watoto, mkutano wa kijiji, salfa ya kupulizia mikorosho imefika, mnada umesogezwa mbele, mbuzi kapotea, mtu kafariki. Yote alipita nayo. Alisema kwanza kwa Kiswahili, halafu akashusha sauti na kurudia kwa Kimwera kwa ajili ya bibi zetu. Tangazo la Kimwera lilikuwa refu zaidi, maana huko aliongeza maneno yake mwenyewe na mtendaji wa kijiji, mtu wa kuja, hakuwa na namna ya kumkagua.

Sauti yenyewe ilikuwa nzito, ya puani kidogo. Aliijua thamani yake na alijisikia kupita kiasi. Pilipili hakula. Maji ya baridi hakunywa hata mwezi wa kumi na moja, jua linapochoma mpaka mbwa wanahama vivuli. Akipata mafua, kijiji kizima kilijua, kwa sababu aliyatangaza mafua yenyewe kabla ya tangazo lililomleta.

Alikuwa na vituo: kwenye mashine ya kusaga, kisimani, nje ya msikiti, kwenye ghala la chama cha ushirika, njia panda ya kwenda Mnero. Akifika anashusha mguu mmoja, anasema, halafu anasubiri. Nilipokuwa mdogo nilidhani anapumzika. Nimekuwa mkubwa ndipo nikaelewa kwamba kule kusubiri ndiko kulikokuwa kazi. Watu walimjibu.

"Rudia hapo kwenye jina."

"Wa kwa nani huyo, wa juu au wa bondeni?"

"Mnada asubuhi au baada ya adhuhuri?"

Alijibu mpaka maswali yakaisha. Sisi watoto tulimchokoza. "Mtangazaji, na wewe utakufa lini?" Naye bila kucheka: "Nikifa nitakuja kwako wa kwanza, kwa hiyo usizurure, ukae nyumbani."

Sitaki mtu adhani namchora malaika. Alikuwa na kisirani. Usipompa salamu uone: jina lako atalimeza. Kuna mtu wa kwetu aliwahi kuicheka baiskeli yake. Mbuzi wa mtu huyo alipopotea, Mtangazaji alimtangaza mbuzi rangi yake, pembe zake na sikio lake lililokatika, ila mwenye mbuzi hakumtaja. Mbuzi alipatikana, akakaa siku kadhaa kwa watu wasiojua wampeleke wapi. Na wanawake alituona nusu. Msichana akipotea, kabla ya kupanda baiskeli anauliza kwanza, "Mna hakika hakumfuata mwanamume?" Mvulana hakuulizwa hivyo. Nilipomaliza kidato cha nne alinisimamisha kisimani mbele za watu. "Shule umemaliza. Sasa nikutangaze?" Watu wakacheka. Nikamwambia, "Jitangaze wewe, mkeo amechoka." Wakacheka zaidi, naye akanuna hadi mvua zilipoanza.

Lakini habari ya kifo aliiheshimu, hapo simnyimi haki yake. Hukuwahi kumwona anakwenda mbio na msiba. "Aliyekufa hanikimbii," alisema. Aliingia kwanza nyumba ya wafiwa, akakaa chini, akauliza: mama mzazi kaambiwa? Mke? Mtoto mkubwa? Akisikia kuna mmoja hajaambiwa, hatangazi kitu. Anakiacha kipaza sauti kwa jirani, anamfuata yule mtu mwenyewe popote alipo, shambani au mji mwingine, na hamwambii kafa. Anasema, "Fulani anaumwa, jiandae twende nyumbani." Kila mtu huku kwetu anajua "anaumwa" ya namna hiyo maana yake nini. Lakini inakupa njia ya kutembea. Mpaka unafika pale uani penye watu, miguu yako imeshajua, imebaki masikio tu.

Kosa alifanya mara moja. Alitangaza kifo cha bibi mmoja aliyekuwa amezirai. Wajukuu walikuwa wameshalia, watu wameshashika majembe ya kaburi, bibi akaomba uji. Mtangazaji aliiacha baiskeli. Alirudi kwa miguu kwenye kila kituo alichosimama, akasimama palepale, akasema, "Neno nililoliacha hapa nimekuja kulichukua." Kisha akangoja mpaka aliyekuwepo awali aitike, na asiyekuwepo akaitwe. Hiyo ndiyo aliita kurudisha neno. Yule bibi aliishi misimu mingi ya korosho baada ya hapo, na kila akimwona alimuuliza, "Leo nimekufa saa ngapi, Mtangazaji?" Naye aliinamisha kichwa kama mtoto wa shule.

Sasa nije kwenye simu.

Kuzichukia video za mtandaoni, sizichukii. Nimejifunza humo kumkanda mtoto tumbo la gesi, nimejifunza kupuliza mikorosho bila kujipulizia macho. Zilipoingia kwa wingi, mtendaji alifungua grupu la kijiji, akawa anajirekodi ameketi ofisini anatangaza chanjo. Mtangazaji akabaki na misiba tu, kwa sababu watu walikuwa bado wanaona aibu kutia msiba kwenye simu kabla wenyewe hawajakaa sawa. Aibu hiyo haikudumu.

Mimi nilikuwa nimeolewa Likunja, upande wa Ruangwa. Mume wangu alikuwa bodaboda. Msimu ule mama yangu alikuwa na korosho kule Mkotokuyana na hana mtu wa kumpelekea ghalani, mume wangu akasema, "Mama mkwe asihangaike, nakwenda mimi." Akaenda. Mimi nikabaki na binti yetu wa miezi michache, nanyonyesha, huku mkono mmoja unapitisha video kwenye grupu la akina mama la mapishi. Ikapita video ya maandazi. Ikafuata nyingine, barabara ya vumbi, mtu amelala kifudifudi mtaroni, pikipiki juu yake, gunia limepasuka. Sikumtambua kwa mwili. Nililitambua gunia. Nililishona mimi kwa uzi wa bluu nilipokwenda kumsalimia mama. Na mikono ya watu inaokota. Hawamgusi yeye, wanaokota korosho. Sauti ya mshika simu inasema, "Mwizi wa korosho huyo. Leo zimemkataa." Wengine wanacheka. Baada ya hiyo ikaja video ya kusuka.

Lori lilimrushia vumbi akapoteza njia, hiyo ndiyo habari nzima. Lakini habari nzima haikuwa na video.

Mtangazaji alifika kwangu jua limeanza kushuka, kapakizwa kwenye pikipiki ya mtu kutoka kwetu hadi Likunja, umri wake ule, kofia nyekundu kwa vumbi. Kipaza sauti hakuja nacho. Akapiga hodi, akaketi kwenye ngazi, akasema, "Mwanangu, mwenzio anaumwa. Jiandae twende nyumbani."

Nikamnyooshea simu.

Hakujua kuishika, aliikamata kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi. Akaitazama mpaka mwisho. Ilipoisha ikaanza tena yenyewe. Akaitazama tena. Akaniuliza, "Mbona inarudia? Nani kaiambia irudie?"

Nikaichukua simu, nikaizima.

Msibani watu walikuja na nyuso mbili. Wanakushika mkono wanasema pole, macho yanauliza za nani zile korosho. Hawaulizi kwa mdomo. Wangeuliza ningewajibu, mama yangu alikuwa pale pale, mwenye korosho zake. Ndipo nilipoanza kumtafuta aliyerekodi. Nikamfuata aliyeileta kwenye grupu letu, naye akanielekeza kwa wifi yake, wifi kwa kijana wa Nachingwea mjini anayeuza vocha. Kijana hakunyanyua hata kichwa. "Dada, mi nimefowadi tu." Aliyemfowadia naye alikuwa kafowadi tu. Nchi nzima ilifowadi tu, hakuna aliyetengeneza. Ungedhani ile video ilijiokota yenyewe barabarani. Mtangazaji ukimchukia ulijua pa kumkuta. Alikuwa na uso, na ana kituo, na utamrushia maneno akusikie. Hawa ninawachukia hewani.

Baada ya arobaini Mtangazaji akaja tena. Akamwambia mama yangu, mbele yangu, "Neno limesemwa. Litarudishwa. Hii ni kazi yangu, haina mjadala."

Mama akamwambia, "Baba, hilo limekwenda mbali."

"Nitalifuata."

Alilifuata kwa miguu, kama desturi yake. Mkotokuyana kila kituo. Mnero, nje ya zahanati. Siku nyingine nilikwenda naye, mtoto mgongoni. Alisimama, akasema, "Ndugu zangu, marehemu wa barabarani si mwizi. Nasema si mwizi. Korosho zilikuwa za mama mkwe wake, anapeleka ghalani. Aliyesema mwizi alisema asichokijua. Neno hilo nimekuja kulichukua." Halafu akasubiri maswali. Vijijini ilikwenda vizuri. Bibi mmoja alinivuta pembeni akaniambia, "Nami nililiamini, mwanangu, nisamehe," akanipa njugu mawe kwenye pindo la kanga yake. Niliona kabisa neno linarudi. Nilianza tena kupata usingizi.

Kisha akafika sokoni Nachingwea.

Pale watu hawakuuliza kitu. Waliinua simu. Yeye aliona mikono mingi imenyanyuka akadhani ni heshima, kama watu wanavyosimama kiongozi akipita. Nilikuwa nyuma yake, niliona mgongo unanyooka. Akaweka kofia sawa. Akasema kwa sauti yake yote, ile ya zamani ya puani, na ile "si mwizi" akaisema mara tatu badala ya mbili, kwa sababu walikuwa wengi na alitaka wa nyuma wasikie.

Hiyo mara ya tatu ndiyo iliyotuua.

Haukupita muda. Mtu akaikata pale pale: "Si mwizi, nasema si mwizi, si mwizi." Akaitilia muziki. Wasichana wa Dar wakaichezea, mabega kushoto, mabega kulia. Watoto wa shule Mtwara wakaichezea. Mtu aliyechomoa simu ya mwenzake mfukoni anajirekodi anakimbia, chini yake sauti ya Mtangazaji. Na kwa sababu watu wanapenda kujua, wakaanza kuuliza: mwizi gani? Akatokea mwenye huruma na elimu yake, akawawekea ile video ya kwanza chini kama jibu. Kabla ya hapo mume wangu alikuwa mwizi wa wilaya mbili. Mtangazaji alipomaliza kumtakasa, akawa mwizi wa nchi.

Nilikasirika mpaka maziwa yakapungua. Lakini sikumkasirikia yeye, bado. Nilisema mzee wa watu, hakujua, alifanya kama alivyofanya siku zote. Hasira juu yake ilikuja baadaye, stendi ya Ruangwa.

Nilikuwa nimempeleka mtoto kliniki. Nikasikia kicheko cha vijana, na katikati ya kicheko ile sauti. Nikasogea. Mtangazaji amesimama katikati yao, kofia mpya, koti. "Mzee wa Si Mwizi, moja tu," wanamwambia. "Moja ya mwisho, babu, ya huyu mgeni wetu." Naye anatabasamu. Anakohoa kidogo kusafisha koo, kama alivyofanya kwenye mashine ya kusaga kabla ya kutaja wafu wetu. Akaanza. Ya kwanza, ya pili. Kisha akaniona. Aliniona vizuri, macho yetu yalikutana, na mtoto wa marehemu yuko mgongoni kwangu. Akaimalizia ya tatu. Hakuwahi kuacha tangazo katikati, na hakuliacha lile.

Niligeuka nikaondoka. Nilichokuwa nacho mdomoni hakisemwi kwa mtu mzima hadharani.

Nilikaa miaka bila kumtia machoni. Nilisikia kamwacha mkewe kaburini Mkotokuyana, kahamia kwa binti yake Mnero. Nilisikia hatangazi tena. Na ile video nilidhani imezeeka, maana ziko nyingi, kila siku zinazaliwa nyingine. Mpaka binti yangu, ana miaka minne sasa, aliporudi kwa jirani akasimama katikati ya uwanja, akanitazama kama mtu mwenye zawadi, akaanza. Mabega kushoto, mabega kulia. "Si mwizi, nasema si mwizi."

Anaimba msiba wa baba yake na hajui. Wenzake nao hawajui, bado. Lakini wataanza shule, na shuleni yupo mwenye kaka mwenye simu, na chini ya ile ya kuchekesha ipo ile nyingine. Atamwona baba yake kwa mara ya kwanza yuko mtaroni na watu wanaokota. Nilikata shauri asiambiwe na simu. Nikatafuta mtu wa kumwambia. Nilihangaika na hasira yangu wiki nzima, kisha nikampandisha mtoto gari, tukaenda Mnero.

Tulimkuta uani kwa binti yake, anamenya mbaazi. Kapungua. Koti lile lile la stendi, sasa kubwa. Nilimsukuma mtoto mbele. "Msalimie babu."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hamjambo?"

Mtoto akacheka. Alicheka mpaka akajificha kwenye kanga yangu, akachungulia, akacheka tena. Mtangazaji akabaki ameshika ganda la mbaazi.

Nikamwambia, "Nimekuja umwambie habari ya baba yake. Wewe ndiye mwenye kazi hiyo. Umwambie kabla hajaambiwa."

Alinijibu kwa kunong'ona, mtu mwenye sauti ile. "Umemsikia alivyocheka? Nimesema marahaba tu, mwanangu."

"Atazoea."

"Hatazoea. Binti yangu wa kunizaa nikisema leta maji, wajukuu wanaanguka kwa kicheko. Msikitini nimeacha kuitikia kwa sauti. Nikimwambia mimi, atamcheka baba yake. Na akishamcheka hapa, mbele yako, utalirudisha kwa nani?"

Hapo ndipo yalitoka niliyoyabana. "Pale stendi hukujua hayo? Uliniona. Nina mtoto mgongoni, uliniona, ukamalizia."

"Nilikuona."

"Sasa kwa nini?"

Aliweka mbaazi chini. "Walikuwa wananiita," akasema. "Miaka yote ni mimi niliyepita kuwaita watu. Waje kwenye chanjo, waje kwenye kaburi. Na siku hizi hawanisikii, wana simu. Wale vijana wakaniita wao. Nikaenda." Akafuta mikono kwenye koti. "Siombi unisamehe. Umeuliza, nimekujibu."

Sikumsamehe. Naandika ili ijulikane kwamba sikumsamehe, na kwamba niliamini kila neno alilosema.

Alitusindikiza hadi barabarani, polepole, bila kusema kitu mbele ya mtoto. Tulipofika akanishika mkono, akaninong'oneza, "Mwambie wewe. Wewe bado hajakucheka." Akageuka, akarudi.

Gari lilichelewa. Hakukuwa na mtu, mawingu ya vumbi tu kila lori likipita. Nilichuchumaa mbele ya binti yangu ili nimwone machoni. Nilimwambia kwamba alikuwa na baba, na baba alikuwa na pikipiki, na siku moja alikwenda kumsaidia bibi kupeleka korosho akapata ajali akafariki. Nikamwambia kuna watu watakuja kumwambia baba yake alikuwa mwizi. "Hakuwa mwizi," nikasema. "Mama yako anakwambia. Si mwizi."

Alinisikiliza vizuri, kimya, macho yote kwenye mdomo wangu. Nilipomaliza hakulia wala hakuuliza. Alibaki amesimama vilevile, kichwa kimeinama upande, bega moja limepanda kidogo.

Namjua mtoto wangu. Alikuwa anasubiri muziki uanze.